Msemaji wa Picha Bubu

Ta-ta-ta-ta-ta. Bila kupumzika, kama mtu anayesema haraka asije akakatizwa. Huo ndio mlio wa projekta ya yule mzee, na hata leo nikifumba macho nausikia vizuri kuliko sauti za watu wengi ninaowajua. Juzi feni ya chumbani kwangu ilinasa kipande cha karatasi ikaanza kulia vilevile. Nilikuwa nimetoka kazini, viatu bado mguuni, nikakaa kitandani nikashindwa kunyanyuka kukitoa. Nikaiacha ilie. Juu ya mlio ule nikamsikia na mama mdogo Riziki, ile sauti yake ya Jumamosi ambayo haikuwa sauti yake ya siku nyingine, nikasema moyoni: hii habari nitaiandika mwenyewe, maana wanaoisimulia huwa wanaisimulia vibaya.

Wanasema alichezea bahati. Wanasema mtu mwenye akili zake anafunguaje mdomo siku kama ile. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimekaa chini, karibu na miguu yake, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Tulikuwa tunakaa Marekani, mtaa wa Frogtown, ghorofani, nyuma kidogo ya barabara ya University, mimi na mama na mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja. Treni ikipita madirisha yetu yalitetemeka kidogo, na mimi nilidhani nyumba inaisalimia. Mama mdogo alikuwa anafua katika nyumba ya wazee: mashuka, mataulo, magauni ya kulalia ya mabibi wa Kizungu yenye majina yaliyoshonewa kwenye kola. Alirudi ananukia sabuni ya moto. Harufu ile kwangu mpaka leo ni harufu ya mtu anayenipenda.

Jumamosi mchana ile nyumba iliwapakia wazee wake kwenye gari na kuwapeleka katika ukumbi wa chini wa kanisa moja la zamani, karibu na kwetu. Huko alikuwako mzee Mmarekani, mrefu, mwenye suruali ya mikanda ya mabegani, aliyekuwa anaonyesha picha za zamani sana, zile bubu, zisizo na rangi wala sauti, watu wanatembea harakaharaka kama wote wameachwa na basi. Sisi watoto wa mtaa tulikuwa tunaingia kwa ajili ya bisi na joto. Nje theluji, ndani bisi. Mtoto gani angekataa? Mama mdogo naye alikuwa anakuja siku zake za mapumziko, anakaa katikati yetu, koti magotini.

Jumamosi ya kwanza alitazama kimya. Ya pili akaanza kunong'ona. Ya tatu alikuwa anasema kwa sauti, na hakuna aliyemzuia.

Inabidi nieleze. Katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako mimi nilizaliwa na sikumbuki kitu isipokuwa vumbi jekundu, kulikuwa na kibanda cha video. Picha zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani, na hakuna aliyeelewa lugha zake. Basi mbele alikaa mtu mwenye kipaza sauti, akizisema kwa Kiswahili. Hakuwa anatafsiri neno kwa neno. Alikuwa anazisema: anawapa watu majina ya kwetu, anawagombeza wabaya, anamwonya mwema kwamba nyuma ya mlango kuna mtu. Siku moja yule bwana alikaukiwa na sauti, watu wakaanza kudai kurudishiwa kiingilio, na msichana mmoja wa miaka kumi na sita akainuka kwenye benchi akachukua kipaza sauti. Huyo ndiye mama mdogo Riziki. Mama aliposimulia habari hiyo alikuwa anatikisa kichwa, lakini alikuwa anaisimulia mara nyingi mno kwa mtu anayeona aibu.

Sasa fikiria mtu kama huyo umpe picha ambayo haina sauti kabisa.

"Mwoneni Faida," alikuwa anasema, "katoka kwetu Fizi jana, leo yuko kwenye pasi. Hata hajaonyeshwa choo kiko wapi." Faida ni jina alilompa yeye, kwenye picha alikuwa dada wa Kizungu mwenye macho makubwa, mpiga pasi katika hoteli. "Na huyu sasa anayejificha kwenye kikapu cha nguo chafu ni kijana wa mwenye hoteli. Kakimbia sherehe. Mtoto wa watu, hata kamba za viatu anafungiwa." Wazee wa Kizungu hawakuelewa hata neno, lakini walikuwa wanageuza vichwa na kucheka pamoja nasi. Bibi mmoja aliyekuwa hasemi na mtu alizoea kumpigapiga mama mdogo mkononi anapotulia, kama unavyoipiga redio iliyokatika. Mzee wa projekta alimsogezea kiti mbele. Sisi watoto, tuliokuwa tunaongeleshwa Kiswahili nyumbani na kujibu Kiingereza, tulikuwa tunatoka pale tukigombana kwa Kiswahili kwamba nani atakuwa Faida.

Mutua alitokea huko. Alikuwa nesi wa ile nyumba ya wazee, Mkenya, kazi yake siku hiyo kusukuma viti vya magurudumu na kuangalia nani anahitaji dawa. Alikuwa anamjua mama mdogo kwa kusalimiana tu kwenye korido. Akasimama nyuma kabisa, mikono kifuani, halafu kwenye giza tukasikia sauti ya kiume ikiuliza, "Na huyo mama wa kofia ya manyoya, mbona amekasirika hivyo?"

Mama mdogo hakugeuka. "Amekasirika," akasema, "kwa sababu kuna mtu anauliza maswali kwenye picha."

Tulicheka mpaka bisi zikamwagika. Jumamosi iliyofuata Mutua alikuja na chupa ya chai ya maziwa, ile yao ya Kikenya, nzito, akaiweka karibu na kiti cha mama mdogo bila neno. Mama mdogo akanywa huku anaendelea kusema. Mimi nilikuwa naona jinsi Faida wa kwenye picha alivyozidi kuwa mchokozi kila Mutua alipokuwepo.

Ile ya Faida tuliitazama mara nyingi, maana mzee alikuwa anaipenda. Faida anaazima gauni la mgeni wa hoteli, lililoletwa kupigwa pasi, anakwenda nalo kwenye dansi la matajiri. Uzi unanaswa mlangoni na gauni linaanza kufumuka taratibu, huku yule mama wa kofia akimsifia kwamba anaonekana ana damu ya kifalme. Mwishoni wanagundua. Mama mdogo alikuwa anaumaliza hivi: Faida anakunja gauni, analirudisha, anasema, "Hili ni lenu. Mimi ndiye niliyelinyoosha," kisha anatoka, na kijana anamfuata.

Jumamosi moja rafiki yangu Grasia, aliyenizidi darasa na aliyekuwa anajivunia kusoma haraka, akasema kwa Kiingereza, "Siyo hivyo. Imeandikwa pale kwamba yeye ni mtoto wa tajiri. Watoto walibadilishwa hospitalini. Ndiyo maana yule mama amemkubali."

 Mama mdogo akatazama kile kibao cha maandishi kinachokuja katikati ya picha, pale ukutani, Kiingereza chake bado kilikuwa cha kutambaa, akakisoma mpaka kikaondoka.

"Hiyo karatasi imesema yake," akajibu. "Mimi nimesema yangu. Nyinyi mnataka ipi?"

Tukasema yako. Na kutoka nyuma, kwenye viti vya magurudumu, Mutua akasema, "Ya Riziki."

Nimewahi kufikiri sana kuhusu neno lile. Mwanamume anaweza kusema neno zuri gizani, nyuma ya wazee wasiomwelewa. Kulisema mchana, mbele ya mama yake, ni kazi nyingine.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu kwa nini watu wa picha zile hawasemi. Mwaka uliotangulia, binti mmoja wa kanisani kwetu alikuja kuombwa, yaani kuposwa, na mimi nikapelekwa kusaidia kupitisha maji ya kunawa. Kwetu, siku wageni wanapokuja kujitambulisha, binti hasemi. Anakaa amefunikwa kitenge, ameinamisha kichwa, na wazee wa pande mbili wanamsemea. Anaulizwa swali moja tu: unawajua watu hawa? Akisema ndiyo, vigelegele. Basi mimi nikaunganisha. Nikaamini kwamba Wazungu wa zamani wote walikuwa wanaombwa siku moja, ndiyo maana wanafungua midomo na hakitoki kitu, na kwamba mama mdogo ndiye msemaji wao. Niliona ni heshima kubwa. Nilimwambia Grasia, akacheka, lakini sikuliacha wazo hilo.

Ndipo ikafika zamu yetu. Mutua alimwambia mama mdogo kwamba atamleta mama yake. Nyumbani kukawa kama sikukuu imekosea njia ikaingia kwetu: mama akafua mapazia, akanikataza kukalia kochi. Mama alikuwa na hofu, na hofu yake nilikuja kuielewa nilipokua. Aliwahi kuniambia, huku ananisuka, "Mdogo wangu amebeba maji tangu ana miaka sita. Nataka siku moja akae kwenye nyumba yenye ngazi zake mwenyewe." Hilo ndilo lililokuwa mezani, hakuna lingine: mama mdogo kupata nyumba yake na mtu anayempenda, au kukosa.

Mama Mutua alikuja kwanza peke yake, wiki moja kabla, kunywa chai. Alikuwa anaishi Woodbury, nje ya mji, kwenye zile nyumba mpya zinazofanana. Alipanda ngazi zetu akishika ukuta kwa ncha za vidole. Alikuwa mama mzuri, sitamsema vibaya, ana kofia ya zambarau na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza maombi.

"Mama, sitaki tusumbuane," akamwambia mama yangu. "Kijana amependa, mimi ni nani? Ni vile tu niko na watu wa church watakuja na sisi hiyo siku. Watu wamesoma. Sasa huyu msichana akiulizwa anafanya wapi, tutasema yuko kwa shule ya nursing."

"Lakini hajaanza," mama akasema.

"Si ataanza? Hiyo si uwongo, ni kusema mapema." Akaonja chai, akaongeza sukari. "Na hiyo maneno ya kuongeleshea wazee sinema, wacha tu hiyo tuiache. Watu wataona ni kama mtu hana kazi."

Mama mdogo alikuwa pale pale, kwenye ubao wa pasi, mgongo umetuelekea. Pasi ilisimama. Nikaona mvuke unapanda kwenye shati moja bila kuondoka. Halafu pasi ikaendelea.

"Mutua anasemaje?" akauliza, bila kugeuka.

"Mutua ni mtoto yangu," Mama Mutua akasema. "Anasema vile nimesema."

Jioni ile mama alimbembeleza. Ni neno moja tu, Riziki. Litakula nini kwako? Na mama mdogo akajibu, "Litanila mimi, dada. Kila asubuhi nitaamka nimvae huyo mwanafunzi." Halafu akanikuta namtazama, akanivuta shavu. "Lala, maman," akaniambia, kama sisi tunavyowaita watoto wetu wa kike. Hakusema atafanya nini. Nafikiri hata yeye alikuwa hajajua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, theluji imeyeyuka nusu ikawa uji mweusi barabarani. Wageni wakaacha viatu mlangoni, rundo zima la buti, na Mama Mutua alikuwa na buti ndefu za ngozi zenye zipu mpaka gotini, akazivua kwa shida akabaki na soksi za maua. Walikuja na mjomba wa Mutua, ndiye msemaji wao, na akina mama wawili wa kanisani kwake. Mutua alikuwa na tai. Kwetu msemaji alikuwa Papa Wilondja, mzee wa kanisa letu, mtu mnene, mpole, ambaye alikuwa amekwishanusa sombe, kisamvu chetu, jikoni na alitaka mambo yaende haraka.

Mama mdogo akaketishwa kwenye kigoda, kitenge cha bluu kichwani. Mimi chini, karibu na miguu yake.

Mjomba akasimama. Alisema vizuri, na utani mwingi. Wamepita wakaona ua, akasema, na siyo ua la hivihivi, ua ambalo liko kwa shule ya nursing, kesho kutwa litatibu hata sisi wazee. Wale akina mama wakatingisha vichwa kwa kuridhika. Papa Wilondja akakohoa. Akamtazama mama yangu. Mama akatazama zulia.

"Ndiyo," Papa Wilondja akasema, "ua letu ni la masomo. Karibuni."

Mimi nikaogopa. Maana kwa akili yangu ya miaka tisa msemaji hakosei. Msemaji ndiye sauti yako, akisema wewe ni kitu fulani, umeshakuwa hicho. Nikashika kidole cha mguu cha mama mdogo, nikaona kweli wameshambadilisha, hatarudi tena kunukia sabuni.

Papa Wilondja akamgeukia. "Binti yetu, wageni hawa wanasema wanakujua. Na wewe, unawajua?"

Mama mdogo akasimama. Hakuvua kitenge. Na sauti iliyotoka chini yake haikuwa ya bibi harusi, ilikuwa ya Jumamosi.

"Haya, wapenzi watazamaji," akasema. "Picha yetu inaanzia Frogtown. Binti mnayemwona pale, amefunikwa, jina lake Riziki. Kwa mila bibi harusi hasemi, na yeye hasemi, mimi ndiye ninayemsema. Mmeambiwa ni mwanafunzi wa unesi. Itazameni mikono." Akaitoa mikono yake nje ya kitenge, myekundu kwenye vifundo. "Hiyo ni mikono ya kufua. Kuna mzee analoa usiku, asubuhi shuka lake liko jeupe, na yeye hajui aibu yake imekwenda wapi. Imekwenda kwa Riziki. Riziki hajachoka nayo. Na Jumamosi anawasemea watu walionyamaza. Kazi hiyo hakuna aliyemtuma, na hakuna atakayemtoa."

"Riziki," mama akanong'ona.

"Anayenong'ona ni dada yake," mama mdogo akasema. "Anampenda sana, ndiyo maana anaogopa. Tugeukie kochi. Yule kijana mwenye tai ni Mutua. Anaijua kweli yote. Mtazameni, anatafuta jibu kwenye soksi zake."

Mmoja wa akina mama wa Woodbury akacheka. Ilimtoka tu, akaziba mdomo kwa leso. Mutua hakuinua kichwa.

"Na yule mama mwenye kofia nzuri. Msimwogope, si mbaya. Naye kuna mahali alipoanzia, kila mtu kaanzia mahali. Lakini hiyo ni picha yake, ataisema mwenyewe akipenda. Sasa mzee anamuuliza binti: hawa unawajua? Binti anafikiri. Anasema, mimi nawajua. Wao je, wana..."

"Mutua," Mama Mutua akasema. "Toa gari."

Akainuka. Wakainuka wote. Ingekuwa kwenye picha, wangekuwa wameshatoka na mlango umeshapigwa. Lakini huku kwetu hata hasira lazima ivae buti kwanza. Wakarundikana mlangoni, kila mtu anatafuta la kushoto lake, mjomba anaruka kwa mguu mmoja ameshika ukuta. Buti la kwanza la Mama Mutua likaingia. La pili zipu ikakwama katikati ya muundi. Akavuta. Akavuta tena, uso umevimba, kofia imelalia sikio. Mutua alikuwa ameshashuka. Tulisimama wote sebuleni tukimtazama, na hakuna aliyejua mila inasemaje hapo.

Mama mdogo akaenda. Akapiga magoti na kitenge chake kichwani, akashika soksi ya maua kwa mkono mmoja ikae vizuri, akarudisha zipu chini kidogo, halafu akaipandisha taratibu mpaka gotini. Anajua vitambaa, vinamtii.

"Asante," Mama Mutua akasema, chini chini, kabla hajajizuia. Kisha akashuka ngazi.

Wapo wanaosema pale ndipo mama mdogo alipojishusha. Mimi nilikuwa karibu, niliona uso wake. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anamfungia mtu buti.

Mlango ulipofungwa mama akakaa kwenye kigoda cha bibi harusi akalia. "Umetaka ngazi zako mwenyewe," alikuwa anasema, "umezisukuma kwa mguu." Papa Wilondja akasimama kidogo kwa heshima ya machozi, halafu akauliza kama samaki wako tayari. "Chakula hakina kosa, Maman," akasema, akaketi mezani. Mama mdogo akavua kitenge, akakikunja pembe kwa pembe, akapandisha mikono ya blauzi na kuanza kupakua. Hakulia. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa inagongesha vifuniko.

"Na leo asifunguliwe mtu hapa," akasema, mgongo umetuelekea. "Wakimtuma wa kuniambia nikaombe radhi, mlango hausikii. Umesikia, maman?"

Nikasema nimesikia.

Wakaingia wote jikoni, mama naye, maana Papa Wilondja alikuwa anataka pilipili. Mimi nikabaki kwenye korido na lile rundo la buti lililopungua, maji machafu yanatapakaa sakafuni. Nikachukua tambara nikaanza kuyapangusa. Nilikuwa nafikiria jinsi alivyokatwa katikati ya sentensi. Wao je, wana nini? Nilikuwa naijua picha ya Faida kwa moyo, lakini hii sikujua inaishaje, na niliona ni dhuluma kumzima mtu projekta namna ile.

Kengele ya mlango wa chini ikalia. Ukutani kwetu kulikuwa na kile kisanduku cha kuongea na watu wa barabarani, chenye kitufe cha kusikiliza na kitufe cha kufungua. Jikoni sahani zilikuwa zinalia, hakuna aliyesikia. Nikabonyeza cha kusikiliza.

"Nani?" nikauliza. Kwa Kiswahili, sijui kwa nini siku hiyo Kiingereza hakikuja.

"Ni mimi. Mutua."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Mjomba ndiye ana-drive. Mimi nimeshuka hapo kwa taa, nikarudi na miguu." Alikuwa anahema. "Wewe ni ule mtoto wa bisi?"

Nikamuuliza langu. "Umekuja kumwambia aombe radhi?"

 Kwenye kile kisanduku nikasikia gari linapita kwenye uji wa theluji, na pumzi yake.

"Hapana," akasema. "Pale ndani nilinyamaza. Na mimi sikuwa bibi harusi."

Nikageuka kutazama jikoni. Mgongo wa mama mdogo ulikuwa pale pale, umeinama juu ya sufuria, na nywele zake zilikuwa bado zimelala kwa sababu ya kile kitenge. Nilikuwa nimeambiwa nisifungue. Nikaweka tambara chini, nikajifuta kidole kwenye gauni, nikabonyeza kile cha kufungua, nikakishikilia mpaka nikasikia mlango wa chini umeachia.